Kung'oa au Kung'arisha?

Mpendwa mshauri, mwanangu sasa hivi kapiga vitufe vya kompyuta kwa kiganja kizima, skrini imejaa herufi j tupu, anacheka na mimi nacheka naye, lakini nimechoka, maana herufi ndizo zinazonitesa.

Niko mapokezi kwenye kliniki ya meno, shule yangu ndogo, Java, lugha ya kuandikia programu, nimejifunza kozi ya jioni huku nanyonyesha, na daktari akaniamini nitengeneze programu ya kusoma faili kutoka seva ya tawi letu la pili, jina la mgonjwa na anachokuja kufanyiwa. Nyumbani inasoma vizuri kabisa, kazini kile kialama cha ng' kinageuka vidudu, â€™, basi nikaweka mstari wa kukata vidudu na herufi zinazofuata, kumbe kung'oa na kung'arisha zote zimebaki "kung", na jana msaidizi wa daktari akakisia ni kung'oa, bibi aliyekuja kung'arishwa meno akachomwa ganzi, bahati akauliza, "Mjukuu wangu, siku hizi kung'arisha mpaka sindano?" Daktari kaniambia, "Mama Pipi, nikiona 'kung' tena Jumatatu, programu yako tunaizima." Nimebadilisha fonti, nimezima na kuwasha, wapi, ila bado nina tumaini, hebu niambie kama mtu kama mimi anaweza kweli ku... ngoja, naitwa, mtoto ame

*

Mama Pipi, pole, na unaweza. Lakini ngoja nikugombeze kidogo: umeona kipele ukakata mguu! Fonti haina kosa. Vidudu hivyo ni dalili kwamba faili imeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, ambapo kialama kile cha kupinda huchukua baiti tatu. Java ya kazini, bila shaka ya zamani, haikuambiwa isomeje, ikafuata mazoea ya kompyuta yake, ikaona herufi tatu badala ya moja. Ya nyumbani ni mpya, huchukua UTF-8 yenyewe, ndiyo maana ikakudanganya kwamba mambo sawa.

Mpigie simu aliyehifadhi faili kule tawi la pili, athibitishe ni UTF-8. Futa mstari wako wa kukata. Unapofungua InputStreamReader, baada ya mkondo wa data unaotoka kwenye seva, weka mkato kisha andika StandardCharsets.UTF_8. Usiiachie Java ikisie. Kisha jaribu kazini, siyo nyumbani.

Na hadi neno litoke zima, mwambie huyo msaidizi aweke sindano chini amuulize mgonjwa amefuata nini, kabla hajamwambia aachame.