Kilichokuwa Chini ya Ukucha Wako

Mama,

Nimeshajua kilichokuwa kinakuuma. Nimekiona kwa macho yangu, kwenye kidole cha mtu mwingine. Nimewaambia watu wawili tu. Wewe ndiye uliyestahili kuwa wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Baba bado yupo hapahapa Ilula. Meza yako ya barabarani ameichukua mama mwingine, anauza vitunguu. Mimi ni tabibu kwenye kituo kilekile cha afya, kule Mbeya, na watu wananiamini. Hilo nalo linaniumiza.

Kidole kilikuwa cha kati, mkono wa kulia. Ulianza kulalamika mwaka ule nilioanza kazi. Ulisema kinawaka moto, lakini moto wenyewe unaletwa na baridi. Mwezi wa sita na wa saba ulikuwa ukitoka kuosha nyanya asubuhi unarudi umekifunga kidole kwa kipande cha kitenge, umekibana kwapani, huongei na mtu. Kikigusa tu ubao wa tenga, machozi yanakutoka. Nilikishika, nikakigeuza huku na huku. Hakikuvimba, hakikuwa na usaha, hakikuvunjika. Kulikuwa na kidoa cha bluu chini ya ukucha, kama wino uliovuja, nikadhani ulijigonga. Ukaniambia, "Ni hapa, Upendo. Hapahapa, padogo kama kichwa cha pini."

Nilikupeleka Iringa mjini ukapigwa picha. Picha ikatoka safi. Nikakwambia kwa ile sauti yangu ya ofisini, "Mama, hakuna kitu. Ni uchovu tu. Pumzika."

Ukasema, "Basi kikateni, nipumzike kweli."

Nikacheka. Mama, mimi nilicheka.

Halafu nikaanza kukuletea diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Kila nikija likizo, pakiti kwenye mkoba. Nikichelewa kuja, naituma kwa basi, na wewe unanipigia, "Vile vyako vimefika, asante mwanangu, nimepata usingizi." Najua jinsi vidonge vile vinavyokula tumbo. Tulifundishwa chuoni, na wagonjwa wangu nawaonya kila siku wasivinywe kabla ya kula, wasivizoee. Wewe nilikuonya mara moja tu, kwa haraka. Ulikuwa mama yangu, unalia kwenye simu, na mimi nilitaka unyamaze. Sijawahi kuiandika sentensi hii mahali popote.

Na lile la Shangazi Yustina. Siku ile kanisani mimi nilikuwepo, benchi la pembeni. Wewe na yeye mlikuwa hamsalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba la bondeni, na Ilula nzima ilijua. Padri aliposema tutakiane amani, Shangazi akageuka, akakunyooshea mkono. Nilimwona uso wake. Alitaka yaishe. Akaushika mkono wako kwa nguvu, akaubana kwa mikono yake yote miwili, na wewe ukapiga ukelele ukaanguka kwenye benchi. Kanisa lote likageuka.

Hata saa nane haijafika, maneno yalikuwa yameshafika sokoni kwamba Yustina amemtupia wifi yake kitu kidoleni. Wewe hukusema hivyo. Ila hukukataa. Nilipokuuliza, ulinijibu polepole, "Mimi sijui, mwanangu. Nyie wasomi mmesema hakuna kitu. Sasa kitu kinachouma na hakipo, kinaitwaje?"

Ningeweza hata kusema kwamba kidole kilikuuma miaka miwili kabla ya siku ile, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nakipa dawa. Nikanyamaza. Niliona yatapoa yenyewe.

Hayakupoa. Asubuhi ile ulipotapika damu, Baba alipiga simu akisema, "Yustina amemmaliza." Mlikuwa hamjafika hospitali ukakata roho. Nilipofika hospitalini, daktari alinivuta pembeni akaniuliza kama ulikuwa unatumia dawa za maumivu. Nikamwambia, "Mara mojamoja." Akaandika vidonda vya tumbo, akaniangalia kidogo, akaniacha niende zangu. Nyumbani sikusema kitu. Shangazi alipokuja mazikoni, Baba alimkataza asitupe udongo kaburini kwako. Dada yake wa tumbo moja, Mama. Alisimama kule juu barabarani, khanga kichwani, mpaka tulipomaliza. Wiki iliyofuata alihamia Rujewa kwa mtoto wake anayelima mpunga, na hakurudi tena Ilula.

Sasa nikwambie la mwaka huu. Kipindi cha baridi alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, amevaa soksi ya mtoto kwenye kidole. Nilidhani ni kidonda. Akaivua na kuniambia hawezi kushika chaki asubuhi, kwamba hata upepo ukipita anaumwa, na kwamba mume wake anasema anadeka. Nilikuwa nimeshaandika diklofenaki, nimefika kwenye herufi ya nne. Nikauona ukucha wake. Kidoa cha bluu.

Nikachana karatasi, nikampeleka mwenyewe mjini kwa daktari bingwa wa mifupa, maana nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

Daktari yule hakuwa na haraka. Alichukua pini ya kawaida, akaigeuza, akatumia kile kichwa chake kugusa ukucha sehemu moja baada ya nyingine. Hapa? Hapana. Hapa? Hapana. Alipofika kwenye kidoa, mwalimu aliruka kwenye kiti. Kisha akamfunga mkononi ile mashine ya kupimia presha, akaijaza upepo damu isishuke, akagusa tena palepale. Mwalimu akamwangalia tu. Hasikii kitu. Akafungua upepo, na maumivu yakarudi. Basi. Dakika kumi, Mama. Pini na mashine ya presha, na zote mbili ninazo mezani kwangu tangu siku ya kwanza ya kazi.

Aliniambia unaitwa uvimbe wa glomasi. Kwenye vidole tuna vifundo vidogo vya mishipa ya damu vinavyosaidia mwili kukabiliana na baridi na joto, na mara chache sana kimoja kinakua kupita kiasi, mara nyingi chini ya ukucha, ambako hakuna nafasi. Picha ya kawaida inaweza isioneshe kitu kabisa. Akasema watu wengi wenye uvimbe huu wanazunguka miaka hospitalini wakiambiwa wana mawazo. Hakujua anamwambia nani.

Niliomba niingie chumba cha upasuaji. Walimchoma ganzi kwenye shina la kidole, wakalifunga kwa mpira, wakauinua ukucha kama mtu anayefunua kifuniko. Chini yake kilikuwepo. Cha waridi, kinang'aa, hakizidi punje ya mtama. Daktari akakitoa chote, taratibu, akasema kikibaki kipande maumivu yatarudi, kisha akashona pale chini kwa uzi mwembamba na kuurudisha ukucha mahali pake. Kipimo cha maabara kilirudi kimeandikwa si saratani. Uvimbe usio na madhara, ndivyo tunavyouita sisi wa hospitali.

Mwalimu alirudi kituoni baada ya wiki kadhaa. Bila kusema neno akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunawia, akatumbukiza mkono, akaushikilia mle ndani huku akinitazama na kucheka. Nilimwambia nakuja. Nikaenda nyuma ya chumba cha chanjo nikalia mpaka nesi akanifuata akidhani nimepata msiba.

Nilipanda basi la Rujewa wiki ileile. Shangazi nilimkuta uani anapepeta mchele. Amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikapiga magoti palepale kwenye pumba, nikamweleza yote, kidole, uvimbe, vidonge vyangu, na nilivyomdanganya daktari. Akauweka ungo chini, akautazama mkono wake. Akasema, "Mimi mkono wangu huu nimeuogopa, Upendo. Wajukuu wakinisalimia nawapa kiganja tu, nisiwabane. Nilifika mahali nikadhani labda kweli ninacho kitu, ila mwenyewe sijijui."

Hilo ndilo lililonimaliza, Mama. Kwamba aliamini.

Nikamwomba aje Ilula, maana mwezi ujao tunajengea kaburi lako na kusimika msalaba. Akakataa. "Aliyenifukuza ni kaka yangu. Aje yeye."

Kwa hiyo nikaenda kwa Baba. Nilimwambia akiwa amekaa pale mlangoni anapoota jua. Nilipofika kwenye vidonge alifumba macho. Nikamaliza, akainuka, akaingia ndani akafunga mlango. Siku mbili hakunisemesha, chai nikimpelekea anaiacha inapoa. Siku ya tatu asubuhi alitoka amevaa lile koti lake la kanisani na viatu amevipiga rangi. Akauliza, "Basi la Rujewa linapita saa ngapi?"

Nikataka kwenda naye. Akasema, "Wewe baki."

Walirudi wawili jana. Shangazi amelala chumbani kwako. Kuhusu vidonge Baba hajasema neno mpaka leo, na sijui kama atasema. Ananiitikia salamu. Hanitazami.

Nami sikuombi unisamehe, kwa sababu huwezi kunijibu, na mimi nitajijibu mwenyewe ninavyotaka. Nakuahidi hili tu. Siku ya msalaba, padri akishamaliza, nitasimama mbele ya watu wote waliokuwepo siku ya maziko na nitasema Yustina hana kosa, kilichokuwa kidoleni mwako kina jina, na dawa iliyokupasua tumbo niliileta mimi. Wataniuliza maswali. Wengine hawataleta tena watoto wao kwangu nikija likizo. Nitasema hivyohivyo, na Shangazi ndiye atakayetupa udongo wa kwanza kwenye msingi.

Pumzika sasa, Mama yangu. Safari hii kweli.

Mwanao,
Upendo