Mafuta ya compresseur

Mardi, jioni

Wiki nzima nilikuwa na hakika kama papa Déo anaiba mafuta ya compresseur, mashine yetu ya kusukuma hewa. Kwa chantier ya Ixelles, fasi tunavunja barabara, tuko wawili tu, mimi na yeye. Kila asubui mafuta iko chini ya alama, naongeza. Nilitambaa chini ya mashine na torche: hakuna fasi inavuja. Donc kuna muntu. Nilianza hata kuangalia mufuko yake.

Jana nikaambia chef kama muntu anaiba mafuta. Sikutaja jina, lakini tuko wawili tu.

Leo marteau-piqueur, ile nyundo ya hewa, ikaanza kunitemea mafuta ku mikono. Papa Déo akazima mashine, akangoja hewa yote itoke.

"Bon, mutoto yangu, mafuta unaipimaka wapi?"

"Hapa hapa."

Akacheka. Tukavuta compresseur na camionnette mpaka fasi ya sawasawa. Barabara inatelemuka, mafuta ilikuwa inalalia upande ingine. Haikupunguka hata siku moja. Ni mimi niliijaza kupita kipimo.

Akanisaidia kuipunguza.

Kesho chef anamuita ku bureau. Yeye anazani ni juu ya congé yake ya kupumzika.