Mistari Niliyokuambia Imekamilika

Rafiki yangu Yona,

Mkeo hajambo. Alikwenda kwa dada yake Lumuma na amerudi akiwa na nguvu. Kompyuta yako amenipa mimi, pamoja na miwani yako ambayo hainifai hata kidogo.

Sasa nikueleze habari ya daraja la miguu la Magomeni, lile ulilolichora ukiwa kitandani. Mvua ziliupanua mfereji litakaouvuka, kamati ya ujenzi ikaomba daraja lirefushwe kwa mita moja. Nilibadili tarakimu ya urefu kwenye mchoro ulio katika kompyuta, mistari ikajisogeza yenyewe, nikauchapa na kuupeleka Mikumi kwa Mashaka, yule fundi wa kuchomelea, bila kuutazama upya.

Aliufungua mbele ya wateja wake. "Shikamoo, Mwalimu. Marehemu alichora daraja, au miguu ya mlevi?"

Watu walicheka. Niliitikia marahaba, nikatazama. Nguzo mbili za mwisho zilikuwa zimelala upande, na bomba la kushikia lilikuwa limeachana nazo. Walikuwa wanakucheka wewe, Yona. Wewe uliyefundisha uchoraji wa ufundi miaka yote ile bila kuvumilia mstari uliopinda.

Unakumbuka mikono yako ilipoanza kutetemeka, ukawa unanielekeza nami nachora? Kila mstari, ulisema, upewe konstrenti yake: huu uwe wima, huu uwe sambamba na ule, ncha hizi zikutane. Nilikataa neno hilo, nikasema Kiswahili kina "sharti". Ulicheka hadi ukakohoa. "Haya, sharti. Ni upatanisho wako wa kisarufi huu huu, Mwalimu. Ukibadili nomino, kitenzi lazima kifuate." Hapo nikaelewa somo lako lote.

Nikaelewa, na bado nikafanya uzembe. Zile nguzo mbili na lile bomba niliviona vimenyooka kwenye kioo cha kompyuta, nikaviacha bila sharti lolote. Uliniuliza, umefumba macho, "Umezivuta ncha uone kama zinacheza?" Nikajibu kwamba nimezivuta. Sikuzivuta. Nilikuambia mchoro umekamilika, nawe ukalala ukiamini. Hukuamka tena.

Basi nilisimama katikati ya karakana, nikasema mbele ya watu wale wale kwamba kosa ni langu, si la marehemu, na kwamba marehemu aliniuliza nami nikamdanganya. Kicheko kilikatika. Mashaka akatikisa kichwa: "Mh! Leo Mwalimu kajisahihisha mwenyewe." Nililiacha lile "kajisahihisha" lipite, ingawa ni "amejisahihisha".

Kesho yake niliketi na mchoro wako. Nguzo nikazipa sharti la wima. Bomba nikalipa sharti la kuwa sambamba na sakafu, na ncha zake nikazikutanisha na nguzo. Mistari yote ikageuka kijani, ishara ya kompyuta kwamba hakuna uliobaki bila sharti. Nikavuta ncha moja moja, hakuna iliyocheza. Nikaandika mita sita, kisha saba, kisha nane, na kila mara daraja lilirefuka likiwa limenyooka. Mashaka ameanza kukata vyuma leo asubuhi. Ameniambia hajawahi kupokea mchoro safi kama huu, nami nimemwambia ni wako.

Pumzika, ndugu yangu. Watu wa Masanze wameomba ngazi ya tangi la maji, nami nitawachorea. Nakuahidi kwamba pale pembeni, mahali pa jina la mchoraji, nitaandika jina langu, ili fundi akicheka ajue anamcheka nani.

Mwenzako, mwalimu wa Kiswahili,
Rajabu