Gari Yako Juu ya Matofali

Cirhuza, ndugu yangu,

Usiniulize barua hii itakufikia namna gani. Facteur wa njia ya kwenu uko sijamupata bado, na siku nikimupata, nitakimbia. Ninaandika tu. Mwandiko yangu unaijua: mwalimu wa cinquième alisemaka kama kuku ilitembea mu kayee yangu. Ilitembea, ndiyo, lakini ilikuwa kuku ya akili.

Unaona? Nimeishaanza kujisifu. Na leo haya imenijaa mpaka mu macho. Acha nianze tena.

Ndugu yangu, gari yako ilikaa juu ya matofali. Saison kavu yote. Ile gari nyekundu ya milango mbili, yenye ule Mugiriki alikuachia wakati alifunga magazini, ile duka yake, na kurudi kwao. Ile yenye, ukigusa tu accélérateur, wamama wa Nguba, huku kwetu Bukavu, wanavuta watoto pembeni. Ilikaa mu kiwanja ya papa yako kama meza, bila mapine, mbuzi ya maman yako inalala chini yake. Na mapine yake yote ine ilikuwa kwangu, mu chumba, karibu na kitanda. Miye sina gari. Hata kinga ya kupiga pedali sina. Watoto wa avenue walinicheka bila kuomba ruhusa: "Muzee wa mapine! Gari yako iko wapi? Iko nakuja na bateau?"

Cheka na wewe, kisha usikilize.

Watu wa mbali wakisikia kama ulikuwa unakimbiza gari, wanadhani ni gari ilikuua. Ninawaambia hapana, ni homa, alilala mardi akisema kichwa kinauma, na hakuamuka tena vizuri. Gari haikumufanya kitu. Gari ilimupenda.

Siku ya kumaliza kilio, unajua kwenu wanafanya namna gani: familia inakaa mu cercle, vitu vya marehemu viko mu kati, kila mutu anapewa chake. Gari ilienda kwa dada yako Nabintu, na hakuna mwenye alikataa, juu ni yeye ulimufundisha kuendesha. Tonton yako alipata radio. Petit yako, mudogo wako, alipata abacost, ile koti ya kijani, inamufika ku magoti. Kisha papa yako akanitazama. "Na wewe, rafiki yake? Chagua."

Rafiki anachagua mwenyewe, na chenye anataja hawamunyimi. Ni eshima kubwa. Mwengine angetaja shati. Mwengine angetaja picha. Miye nilisimama, nikakohoa kama commissaire mbele ya micro, nikasema: "Ninachukua mapine ya gari. Juu ni miye niliyachagua."

Tante yako Mugoli, mwenye kinywa unakijua, akapiga mikono: "He! Uyu anavua maiti viatu!"

Wengine walicheka. Na miye nilicheka, tena kuwapita wote. Nikaenda kuleta cric, nikainua gari yako mbele ya wafiwa, nikafungua boulon moja moja, nikipiga muluzi. Muluzi, Cirhuza! Nabintu alileta matofali mwenyewe, ili gari isianguke. Matofali ilikuwa ya ile ukuta ulikuwa ungali unajenga.

Sasa unauliza: juu ya nini mapine? Juu ya ile safari yetu ya Bujumbura. Yote tulicheka siku ile, kutoka Kamanyola mpaka mu mulango ya ule muzee muuzaji wa mapine, niliona kama imebaki mu ile mipira. Niliogopa mutu mwengine aikanyage. Huo njo ukweli. Lakini mu cercle ya kilio sikusema ukweli. Nilisema "ni miye."

Unakumbuka magazini ya ule muzee? Mapine yamepangwa ku ukuta, za course ya gari peke yake, za njia peke yake, na zingine mu kati. Miye nilikimbilia za course, zile karibu laini kama kichwa ya kipara. Nikaingiza ukucha. Ukucha ukazama. "Hii njo yenyewe!" nikapiga kelele. "Inashika njia kama mutoto anashika maman yake!" Muzee akaniuliza miye ni nani. Nikamwambia: "Mekanisien mukubwa wa Zaïre ya mashariki." Akajibu bila kucheka: "Na ile ya mangaribi wanatengenezewa na nani, masikini?"

Wewe ulicheka mpaka ukakaa juu ya mapine. Kisha ukaanza yale maulizo yako. Njia gani? Inanyesha namna gani? Asubuhi gari inaamuka na baridi gani? Nani ataendesha, na siku gani atakimbia, na siku gani ataenda polepole? Miye nilikuita mwoga. Nilisema mashine yenye nguvu inataka mpira laini kuliko yote, na basi.

Ukaniambia: "Mpira laini vile inashika wakati imepata moto. Dimanche mu course, sawa. Lakini lundi asubuhi, kutoka Nguba kwenda bureau, itapata moto saa ngapi? Itapata moto miye niko mu ziwa." Na tena: "Siku ya mvua nitakuita wewe ushike gari na mukono?"

Ukachukua zile za kati. Mpira laini pembeni, pale gari inalalia ukikata kona, na mu kati mifereji ya kutupa maji. Miye nikataka basi tuchukue pana kuliko yote, ukakataa tena: ukikata kona sana, pine itakula garde-boue, ile bati ya juu yake. Ukazungusha mukono mu hewa kunionyesha. Miye nilikuwa ninaangalia wasichana kwa njia.

Na dimanche ya course ikafika: Nguba, njia imefungwa na kamba, mvua ikaanguka mu kati. Pale kona ya kwa masere, masista wa misheni, matope mekundu yakashuka kutoka mulima. Wenye mapine ya laini, mumoja aliingia mu maua ya masere, mwengine aligeuka akatazama kwenye alitoka. Wewe ulipita pale kama mutu anaenda misa. Na nani alikuwa na haut-parleur mukononi? Miye. Na nilisema nini mbele ya mji wote? "Mapine ya gari nyekundu ilichaguliwa na miye hapa!"

Ukakuja na kofia yako ya chuma, umelowa, ukanipiga ku bega: "Asante, docteur."

Docteur. Haukunisahihisha. Ungenisahihisha tu, ndugu yangu. Ungenipiga kofi moja ndogo pale pale, na leo singekuwa ninaandika.

Kilio kilipoisha, wiki zikapita, nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisione kiwanja yenu. Nabintu alienda ku masomo kwa miguu, yeye mwalimu, viatu vyake mukononi juu ya vumbi. Siku moja alinikamata pale fontaine, penye tunachota maji. Nilingojea matusi. Nilikuwa nimeishatayarisha majibu, majibu mazuri sana. Akaniuliza tu: "Na wewe, mapine unafanya nayo nini?"

Nikageuka na ndoo tupu, nikaenda mbio nyumbani.

Siku ile ile niliisukuma mpaka kwenu, moja moja, na watoto nyuma yangu wakiimba. Papa yako alinisimamisha ku kiingilio. "Mutoto wangu, chenye kimetoka mu nyumba siku ya kugawanya hakirudi. Kukirudisha ni kuita kifo kirudi. Unataka niite?" Nikasema hapana, papa. Akasema tena, sauti ya chini, maman asisikie: kila asubuhi maman yako anafungua dirisha, anaona gari iko juu ya matofali, anafunga dirisha. Kama mpaka course ya mwaka huu gari haijasimama chini, ataiuza kwa watu wa vyuma, waikate.

Waikate, Cirhuza. Juu yangu.

Basi nilipakia mapine yako mu camion ya watu wa muhogo, nikashuka mpaka Kamanyola, ku mupaka, niende kuibadilisha Bujumbura. Soda wa barrière, bunduki ku bega, akazunguka mapine, akanizunguka na miye. "Citoyen, gari ya hii iko wapi?" Nikamwambia: "Iko juu ya matofali, chef." Akaona namna nilisema, akainua kamba bila kuomba hata sigara. Fikiria namna sura yangu ilikuwa.

Bujumbura, muzee muuzaji alinijua palepale. "Karibu, mashariki!" Nikafungua kinywa, na kikatoa neno yenye hakijatoaka tangu nizaliwe: "Muzee, sijui. Nisaidie."

Na unajua aliniuliza nini? Maulizo yako. Yale yale. Na nilikuwa na majibu, juu siku ile nilikuwa ninakusikia hata nikijifanya sikusikii. Nikamwambia: anaendesha mwanamuke, mukono yake ni ya polepole lakini mguu ni ya kaka yake. Siku za kazi anapanda kufundisha, asubuhi, njia imelowa na umande. Samedi anapeleka maman yake ku soko ya Minova, mawe njia yote. Dimanche ya course anataka kukimbia. Kidole changu kilienda chenyewe ku zile za laini, nakuapia. Nikakirudisha mu mufuko.

Tukatafuta mpaka tukapata: pembeni laini kama yako, mifereji mirefu kuliko yako, na mbavu ngumu juu ya mawe ya Minova. Upana ule ule. Nilizungusha mukono mu hewa, kama wewe, kuona kama haitakula garde-boue. Muzee akachukua mapine yako, na radio yangu, na nikashusha mizigo ya camion yake nzima mpaka mugongo ukalia. Njo ilikuwa mapatano yetu.

Kwa hiyo sasa sina kitu yako hata moja. Shati sikuchagua, picha sikuchagua, na mapine nimeacha Bujumbura. Nimetoka kwenu mikono mitupu, na ni miye nilitaka kuchagua kikubwa.

Hii mipya papa yako alikubali iingie, juu haikutoka mu nyumba yake. Tulishusha gari. Chini ya matofali nyasi ilikuwa nyeupe. Maman yako alifungua dirisha, na hakufunga. Tante Mugoli alizunguka gari yote, akagusa pine moja na mwisho wa kiatu, akasema: "Hm."

Hiyo tu. Hm. Hiyo si pardon, ninaijua. Ninaibeba hivyo hivyo.

Dimanche hii njo course. Nabintu ataendesha, amefunga kichwa na kitambaa chako cha bleu. Na haut-parleur, wamenipa miye tena, juu hakuna mwenye sauti kama miye mu Bukavu yote. Acha hiyo, ni kweli tu.

Ninakuahidi hivi: gari zikiwa hazijaondoka, nitasema mu haut-parleur, mbele ya papa yako na ya tante Mugoli, kama mapine ya mwaka ule ilichaguliwa na Cirhuza, na miye nilitaka ingine, yenye ingemutupa mu ziwa. Watanicheka. Wacheke. Safari hii sitawapita kucheka. Kisha nitamupa mwengine haut-parleur, nitashuka nisimame pale kona ya kwa masere, miguu mu matope kama kunanyesha, niangalie dada yako akipita.

Lala vizuri, ndugu yangu. Usiamuke juu ya kelele ya dimanche, ni gari yako tu.

Ni miye, Murhula, mwenye alikuvua viatu.