Maji ya Bomba Kwenye Jagi

Hospitalini, Korogwe
Jumatano

Wifi Joyceline,

Mbaazi zako zimefika. Nimempikia kaka yako, kala vijiko viwili tu. Huko Mazingara mvua imenyesha? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu angenisikia.

Fangasi wa kwenye ubongo wanapungua, ila daktari alisema dripu ya kuwaua inaumiza figo. Mkojo ukipungua, wataisimamisha. Kuupima kwenye jagi nimeachiwa mimi. Juzi ulikuwa kidogo mno. Nikakumbuka alivyolia na kichwa wiki nzima kabla ya dripu, nikaongeza maji ya bomba. Nesi akaandika, akanisifu. Jana nikaongeza tena.

Leo miguu imevimba, hata kandambili haziingii. Nikisema, dripu itasimama na kichwa kitamrudia. Nikinyamaza, figo zinakwisha, na muuaji ni mimi.

Asubuhi Semboja mwenyewe kaniuliza, "Lea, mbona nakojoa kidogo hivi, na nesi anafurahi?"

Nimemjibu kuwa ni maombi yako.

Usimwonyeshe mama barua hii.

Wifi yako,
Lea