Damu Haikutoka Ipogolo Peke Yake

Baba Masanja,

Nimesikia umemwambia mjukuu wetu Emanueli amrudishe mkewe kwao, eti mtoto wao anaumwa kwa sababu ya ukoo wa mama. Jamani, Baba Masanja! Hujachoka tu na maneno hayo?

Unakumbuka Igawa, miaka ile ya sabini, ng'ombe wako wakiwa bado wageni Usangu? Binti yetu Neema akilia viungo vinamuuma, wewe ukimbeba mgongoni kutwa nzima, ukimwimbia Kisukuma ili anyamaze. Ulimpenda, hilo sikunyimi. Lakini tulipomzika, ulinipandisha lori la mahindi, ukanishusha Ipogolo mbele ya baba yangu.

"Mchukueni mwanenu," ukasema. "Damu yenu inaua watoto."

Mwanetu Masanja, baba yake Emanueli, ukabaki naye, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Nilimwona tena akiwa ameshaota ndevu.

Sasa nisikilize. Nimekwenda Mbeya na Emanueli, mkewe Tulizo na mtoto, tukatolewa damu sote. Nikamwona binti wa maabara anaweka kichupa cha damu kwenye sumaku, nikamuuliza, sumaku ile ya nini? Akanieleza kwa upole: ndani ya kichupa kile ametia chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, zilizopakwa kitu kinachonasa vinasaba. Sumaku inazivuta pembeni, uchafu wa damu unaoshwa, vinasaba vinabaki safi, ndipo vinapimwa. Hakuuliza nani Mhehe, nani Msukuma.

Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu usiompata mtoto mpaka apewe mbegu yake na baba na mama. Amerithi kwa Tulizo, na amerithi kwa Emanueli. Mimi nami ninayo mbegu hiyo, sikatai.

"Na binti yangu aliyefariki?" nikauliza.

"Kama ndio ulikuwa ugonjwa wake, bibi, basi aliupata kwenu wote wawili."

Wote wawili! Nilitoka nje nikalia kwa hasira mpaka Tulizo akaja kunishika mkono. Miaka yote hiyo nimeombewa, nimenyweshwa mizizi, wanaume wamenikimbia, na wewe huko Igawa unakunywa maziwa yako huna habari!

Emanueli amegoma kumrudisha mkewe. Jumamosi wanakuja kwako wote watatu, mtoto na dawa zake. Usijisumbue kuchinja. Mwite Tulizo, mkalishe karibu yako, umwambie kwa mdomo wako kwamba si kosa lake.

Mimi hukuniambia.

Ubaki salama,
Mama Neema