Ua la Mama Klara na Maji ya Baba

Generoza Bujiku (Mama Klara)
1931 – 16 Septemba 1983

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke kule hospitali, na bado tukisonga ugali tunakosea kipimo, tunasonga na wa kwako.

Zahanati ya hapa Kishapu imepata mhudumu mwingine, binti mzuri, hana neno. Lakini kina mama uliowazalisha bado wanapita nyumbani na watoto mgongoni. "Tumepita tu kumsalimia Mayu," wanasema, wakikuita mama kwa Kisukuma, na wanajua hupo. Tunawapa kigoda, wanakaa kidogo, wanaondoka.

Unakumbuka majirani walivyokucheka ulipochimba lile ua jekundu la porini kando ya njia ya Mhunze, ukalipanda penye jua kali, chini ya uzio wa minyaa? "Mayu, wenzio wanang'oa magugu, wewe unayapanda!" Ulicheka kuliko wao. Mvua zilipokuja likapanda uzio mpaka juu, likachanua, na waliokucheka wakaja kuomba mbegu. Kiangazi likakauka, kikabaki kiazi chake tu ardhini. Tukikimbilia kopo la maji, ulitufokea: "Liacheni! Hilo ni la hapa hapa, jua halilitishi. Limelala." Na kila mwaka liliamka lenyewe.

Sasa tukuambie la Baba. Tunaona aibu, lakini wewe hatukuwahi kukuficha kitu.

Siku ile ya mwisho ulimwomba maji. Daktari alikuwa amekataza mpaka upasuaji uishe, na Baba unamjua, mtu wa kufuata amri, miaka ishirini mgodini Mwadui hakuchelewa hata siku moja. Alikushika mkono, akasema, "Vumilia, Mama Klara, bado kidogo." Ukaingizwa ndani, na hukutoka hai.

Mwezi wa saba ua lilipokauka, Baba akaanza kulimwagilia. Anaendesha baiskeli mpaka lambo, anarudi na dumu, anamimina lote. Limi alimwendea. "Baba, lile ua limelala tu. Mama alikuwa haligusi."

Akamjibu polepole, "Mwanangu, mwenye kiu akinyamaza, ndiyo kusema amelala?"

Limi alirudi ndani, akatusimulia.

Wiki mbili zilizopita, Baba akiwa kanisani, Donatus alifukua kidogo. Kiazi kimeoza, Mama, kimekuwa kama uji. Alifukia tena, akasawazisha udongo kwa kiganja, na hakuna aliyethubutu kumwambia Baba. Yeye anasema mvua zikianza, ua likichomoza, tawi la kwanza atakuletea kaburini. Ameshalizungushia miiba, mbuzi wasilile.

Kila asubuhi anamimina. Tunasimama mlangoni tunamtazama, watu wazima watatu, tumeshindwa kabisa.

Herufi za gazeti Baba hazioni tena. Tangazo hili atamwomba Limi amsomee, na Limi hajui atafanyaje. Akifika hapa, Mama, msaidie.

Unakumbukwa na mumeo Leodgar. Wanao Klara, Donatus na Limi. Mdogo wako Coletha wa Ushirombo. Na kina mama wote wa zahanati.

Siku zote tutakukumbuka, Mama.